Karani Harudi

Sehemu ya tisa

Kama wiki iliyopita ulilikunja gazeti ukasema, "Basi, yule mama kwisha habari yake," likunjue tena. Muhuri ulishuka, ni kweli. Lakini haukushukia karatasi.

Ulishukia mkono wa Shangazi.

Paa! Msimamizi wa ghala la mizigo, ambaye pale kila mtu humwita Bwana Muhuri kwa jinsi anavyopenda kugonga, aliunyanyua muhuri wake akautazama, kisha akautazama mkono. Nyuma ya kiganja cha yule mama, kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi karibu na saa, lilisomeka neno moja jekundu: RUDISHA.

"Toa mkono," alisema.

"Sitoi."

"Shangazi, nitakugonga tena."

"Gonga. Wewe una wino, mimi nina mikono miwili."

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, nakuwekea sawa kwa pumzi moja. Shangazi ni mhudumu wa chumba cha wanyama katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege, tena uwanja wa katikati, ambako watu hubadilisha ndege na hakuna anayekaa. Mbwa, paka, kasuku, kila mnyama anayengoja ndege ya pili hupumzikia kwake saa chache. Hunyweshwa, hutembezwa, hubadilishiwa magazeti ya kulalia (labda hata hili hili unalosoma, usijivune), kisha husonga mbele.

Alfajiri ya siku ile alipokea mbwa mzee wa rangi ya kahawia. Juu ya kizimba chake paliandikwa kwa kalamu nene: "Naitwa Karani. Siumi. Naogopa mlango ukibamizwa." Mwenyewe, mwalimu mstaafu, yuko upande wa abiria, ng'ambo ya kuta na walinzi, anangoja ndege ya saa nane mchana, ile ile itakayombeba Karani tumboni. Wanahamia kwa binti wa Mwalimu, nchi ya mbali, moja kwa moja. Nyumba kaiuza, funguo kakabidhi.

Kisha daktari wa mifugo wa uwanja akapitisha mashine mabegani mwa Karani, asome ile chipu ndogo wanayotiwa mbwa chini ya ngozi. Mashine ikalia. Namba iliyotokea siyo iliyoandikwa kwenye hati. Kule walikotoka hawakupima, walitazama makaratasi tu wakasema pita.

Kanuni haina huruma. Mnyama asiyefanana na hati zake anarudishwa alikotoka. Na huko hakuna wa kumpokea tena. Mbwa asiyepokewa kwa siku mbili anachomwa sindano, analala, haamki. Ndege ya kurudi ilikuwa inaondoka saa saba na nusu, na saa ya ukutani ilikwisha gonga sita na nusu.

Hapo ndipo tulipo. Sasa twende.

"Una barua mbili za onyo kwenye faili," Bwana Muhuri alisema. "Ya tatu unakwenda nyumbani kulea wajukuu."

"Ya kwanza uliniandikia kwa sababu nilikataa kupakia paka kwenye ndege ambayo tumboni hawakuwasha joto. Ya pili, kwa sababu nilimwambia rubani, na rubani akawasha. Andika ya tatu. Karatasi ni zako."

"Na mbwa atarudi."

"Ng'o! Piga ua, mbwa huyu harudi."

Daktari alikuwa amesimama kati yao na mashine yake mkononi. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye kazi nzuri na moyo mdogo. Akitaka kupingana na mtu, huanza kwa kuomba radhi.

"Samahani, Shangazi," alisema. "Mashine haisemi uongo."

"Haisemi uongo. Lakini uliiacha imalize kusema?"

Daktari alipepesa macho.

"Ulipitisha mabegani, ikalia, ukafanyaje?"

"Nikaacha. Si imeshalia?"

Haya, msomaji, hapa ndipo Shangazi alipopata aibu yake, nami siwezi kumfichia. Nani aliyewafundisha watu wa ghala lile kuacha mashine mara tu inapolia? Ni yeye. Miaka kumi na saba iliyopita, siku ambayo vizimba vilipanga foleni hadi nje kwenye jua, alisimama mlangoni akapiga kelele: "Ikilia, toa! Lete mwingine!" Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Madaktari watatu wamepita pale, na wote walilelewa na mlio mmoja.

Sasa alikumbuka kitu kingine. Alfajiri, alipokuwa akimfuta Karani kwa kitambaa chenye maji, vidole vyake viligusa kitu kwenye kiwiko cha mguu wa mbele. Kitu kigumu, kidogo, kama punje ya mchele. Alidhani ni kupe aliyekauka. Akasema moyoni, nitamtoa baadaye, na hiyo baadaye haikufika.

Alichukua mkasi mfukoni, akakata nailoni zilizofunga mlango wa kizimba.

"Usifungue hicho kizimba!" Bwana Muhuri alifoka.

"Nimeshafungua."

Karani alitoka polepole, mguu mmoja, akafikiri, mguu wa pili. Ana mvi hadi kwenye kope. Alimnusa Shangazi mkono, akapiga chafya kwa sababu ya wino.

"Pima, Daktari. Mwili mzima."

"Samahani, Bwana Msimamizi," Daktari alisema, na akaanza kupima. Kwa mtu yule, hayo yalikuwa mapinduzi.

Mabegani, mashine ikalia. Namba ile ile mbaya.

"Endelea."

Shingoni, kimya. Mgongoni, kimya. Ubavu wa kushoto, kimya. Kiwiko cha kushoto, kimya kabisa.

Bwana Muhuri alicheka. "Utampima hadi mkia?"

"Hadi mkia, na akiwa na kivuli nitapima kivuli. Daktari, upande wa pili."

Ubavu wa kulia, kimya. Bega la kulia, kimya. Mashine ikateremka kwenye kiwiko.

Ikalia.

Daktari alisoma namba kwa sauti. Shangazi alifuatisha kwenye hati kwa kidole, namba moja baada ya nyingine. Bwana Muhuri alivaa miwani yake, kwani bila miwani hata jina lake mwenyewe halioni, akainama juu ya bega la yule mama akitafuta kosa. Tarakimu kumi na tano. Zote zilifanana.

"Imehama," Daktari alisema. "Chipu ilitembea chini ya ngozi ikateremka hadi mguuni. Nimewahi kusoma habari hizi, sikuwahi kuona."

"Leo umeona. Andika."

Mama yule alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampigia Mwalimu. Namba ya simu ilikuwa kizimbani, chini ya jina la mbwa.

"Mwalimu, tumeipata. Namba yako ipo. Ilikuwa imejificha mguuni."

Upande wa pili mtu alipenga kamasi.

"Nilijua," Mwalimu alisema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Wameanza kuita abiria. Nimewaambia sipandi mpaka niambiwe Karani yumo. Msichana wa mlangoni ananiambia, mama, ndege haimngoji mbwa. Nimemwambia na iende. Mimi nimefundisha darasa la watoto themanini, simwogopi mtu mwenye redio ya mkononi."

"Kaa hapo hapo. Usisogee."

"Sisogei. Nimekalia mkoba wangu."

Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu alfajiri. Daktari naye alicheka, akatoa kalamu kutia sahihi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, na mizigo ya ndege ya saa nane ilikuwa inafungwa saa saba na dakika ishirini. Muda ulitosha hata kumwekea Karani maji mapya. Bakuli lake la kwanza lilikuwa limeletwa limeganda barafu, kama wanavyofanya wanaojua safari, ili maji yayeyuke kidogo kidogo njiani yasimwagike. Mwalimu alikuwa amefikiria kila kitu.

Karibu kila kitu.

"Mnafurahi nini?" Bwana Muhuri aliuliza.

Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pembeni. Alikuwa hajakasirika tena, na hilo ndilo lililomtia Shangazi baridi.

"Mbwa mmoja ana namba mbili," alisema. "Moja ni ya huyo Mwalimu wenu, imesajiliwa miaka mitatu iliyopita. Nyingine ni ya zamani zaidi. Ina mwenyewe. Jina lipo, simu ipo. Na hapa chini pameandikwa: mbwa aliyepotea."

Daktari alirudisha kalamu mfukoni.

"Kanuni inasema mwenye namba ya kwanza aulizwe," Bwana Muhuri aliendelea. "Au kanuni nayo unataka kuipima kiwiko?"

Kanuni hiyo Shangazi anaijua, hata yeye angeifuata. Mbwa wa watu ni wa watu. Je, kama Mwalimu aliokota mbwa wa mtu akajitia hamnazo? Wapo wanaofanya hivyo, tena wanaopendeza sana kwenye simu. Moyo ulimwingia doa.

Bwana Muhuri alipiga, akaweka simu kwenye spika.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti tamu. Sauti ya mtu anayejua kuomba samahani, ya mtu ambaye majirani wakiulizwa watasema, ah, yule ni mtu wa watu. Alipoambiwa habari, alivuta pumzi kwa nguvu.

"Chuma," alisema. "Mmempata Chuma wangu? Ndugu zangu, miaka mitatu! Nimebandika matangazo hadi gundi ikaniisha. Watu waliniambia achana naye, nunua mwingine. Nikasema, mbwa si kiatu."

Daktari alifuta jicho kwa mkono wa koti.

"Uko mji ule ule alikotoka?" Bwana Muhuri aliuliza.

"Hapa hapa. Mrudisheni, nitakuwa uwanjani kabla ndege haijagusa chini."

Umeona mambo hayo? Sababu nzima ya Shangazi kupigana ilikuwa kwamba huko mbwa hana wa kumpokea. Sasa yupo, tena analia kwa furaha. Mama yule aliutazama mkono wake, lile neno jekundu, akajiuliza kama tangu asubuhi alikuwa akipigania wizi.

"Niruhusuni nimwite," ile sauti iliomba. "Asikie sauti yangu, ajue anakuja nyumbani."

Karani alikwisha kurudi kizimbani kulala. Bwana Muhuri alivua miwani, akaiweka juu ya kizimba, akainama na kuisogeza simu mlangoni. Alikuwa akitabasamu. Hata yeye, nadhani, anapenda mambo yakiisha vizuri, ilimradi yaishe kwa upande wake.

"Chuma!" ile sauti iliita. "Chuma, kijana wangu!"

Karani alisimama.

Masikio yakasimama, kichwa kikainuka. Tangu alfajiri hakuwa amesimama kwa wepesi namna ile. "Mnaona?" Bwana Muhuri alinong'ona. "Amemjua."

Amemjua kweli. Alirudi nyuma hatua moja, nyuma hatua ya pili, hadi matako yakagota kwenye ukuta wa kizimba. Akajilaza chini, akajibana kwenye kona, akageuza shingo pembeni kama anayempisha mtu aifikie. Halafu mkojo ukamtoka. Ulitambaa juu ya magazeti, ukapita kwenye upenyo wa mlango, ukafika kwenye kiatu cha Bwana Muhuri.

"Ebo!" Msimamizi aliruka nyuma.

"Chuma! Kaa!" Ile sauti haikuwa tamu tena. Neno moja tu, fupi, likakata chumba chote.

Shangazi aliingiza mkono kizimbani, ukafika shingoni. Alfajiri alipoona pale pamenyonyoka, alidhani ni mkanda uliobana. Sasa alizungusha kidole pole pole chini ya manyoya. Kovu lilizunguka shingo nzima, jembamba, gumu, halina upana wa mkanda. Mkanda hauachi alama namna ile. Waya ndio unaoacha.

Damu ilimchemka. Msomaji, nimemwona mama huyu akikasirika kwa sehemu nane, lakini zote zilikuwa mchezo.

"Harudi," alisema.

"Mwenye mali kajulikana," Bwana Muhuri alisema, akikung'uta kiatu. "Namba ya kwanza ndiyo namba. Naita kigari."

"Umeona alivyofanya! Daktari, umeona!"

"Mbwa mzee akikojoa si ushahidi," Bwana Muhuri alisema. Alichukua simu yake mkono mmoja, hati zote za Karani mkono wa pili, akatoka mlangoni akiita: "Dereva! Lete kigari, mzigo wa kurudi!"

Kosa lake lilikuwa kutoka.

Mlango wa chumba cha wanyama una komeo kwa ndani, kwa ajili ya siku za usafi, mnyama asije akaponyoka kukimbilia kwenye ndege. Shangazi aliufunga taratibu, bila kuubamiza kwa ajili ya Karani, akasukuma komeo hadi mwisho.

Bwana Muhuri aligeuka. Kilibaki kioo kidogo na wavu wa kupitisha hewa kati yao.

"Fungua!"

"Thubutu!"

"Mama, hiyo ni kazi yako unaichezea!"

"Siichezei, ndiyo ninayoifanya!" Aliinua mkono wake akaubandika kwenye kioo, neno jekundu likimtazama msimamizi usoni. "Muhuri wako uko hapa. Ulinigonga mimi, nirudishe mimi! Nipakie, nifunge nailoni, nibandike mshale wa upande huu juu! Lakini huyu hapandi ndege ya saa saba na nusu labda niwe nimekufa!"

"Samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Mimi pia niko ndani."

Daktari. Walikuwa wamemsahau.

"Unataka kutoka?" Shangazi alimwuliza.

Daktari alilitazama komeo, akamtazama Karani, akaitazama sakafu yenye maji. Alikaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa.

"Hapana," alisema. Safari hii hakuomba samahani.

Simu ya Shangazi iliita. Mwalimu.

"Mwanangu, wanaita kwa mara ya mwisho. Yumo?"

"Bado. Mwalimu, niambie kweli. Yupo mwanamume anayesema mbwa ni wake. Anamwita Chuma."

Shangazi alisikia kengele ya uwanja upande wa pili, na mtoto wa mtu akilia.

"Nani kakwambia jina hilo?" Mwalimu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu.

"Yeye mwenyewe. Yuko kwenye simu na bosi wangu."

"Yarabi." Mwalimu alivuta pumzi. "Sikukudanganya, mwanangu. Mbwa alikuja mwenyewe kwenye geti la shule, na waya shingoni. Ila sikukwambia alitoka nyumba gani. Alitoka kwa binti yangu. Huyo mwanamume alikuwa mume wake."

Shangazi aliibana simu sikioni.

"Siku binti yangu alipokimbia, yeye alisimama mlangoni amzuie. Mbwa ndiye aliyemng'ata mguu, binti akapata upenyo wa kutoka. Baadaye ndiyo akafungwa huo waya. Sijui alijikwamuaje. Nilimkuta getini asubuhi, amekaa anatazama kila anayeingia, kama karani wa mahudhurio. Ndipo nikampa jina."

"Na sasa anamtaka tena?"

"Hajawahi kumtaka mbwa!" Mwalimu alipaza sauti, na Daktari alisikia hadi kwenye ndoo. "Miaka mitatu anamtafuta binti yangu! Hajui yuko nchi gani. Ndugu hawajui, rafiki hawajui, hata mimi barua zangu nilizichoma. Mahali pamoja tu pameandikwa anwani yake."

Shangazi alijua kabla hajaambiwa. Miaka kumi na saba amezibandika hati zile kwenye vizimba kwa mkono wake. Jina la mtumaji, jina la mpokeaji. Nchi, mji, mtaa, namba ya nyumba.

Alikuwa amefunga mlango akamwokoa mbwa. Na hati zilikuwa nje.

Kwenye wavu wa hewa, ile sauti ya mwanamume ilipenya kutoka kwenye simu ya Bwana Muhuri. Ilikuwa imerudi kuwa tamu.

"Kiongozi wangu, pole kwa usumbufu. Huyo mama asikuumize kichwa. Kabla hamjamrudisha, naomba kitu kidogo tu. Nisomee hapo, alikuwa anapelekwa kwa nani? Nimjue mtu aliyetaka kuninyang'anya."

"Usimsomee!" Shangazi alipiga kioo kwa kiganja. "Bosi, usisome! Mtu atakufa!"

"Sasa umekuwa na adabu?" Bwana Muhuri alisema. "Mwenye mali ana haki ya kujua." Alifunua karatasi ya kwanza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akajipapasa kifuani. "Miwani yangu iko wapi?"

Ilikuwa juu ya kizimba.

Shangazi na Daktari waliitazama kwa pamoja. Bwana Muhuri akachungulia kioo, akaiona naye.

"Nipitishie hapo chini ya mlango," alisema. "Daktari! Hiyo ni amri!"

Daktari aliinuka. Aliichukua miwani kwa vidole viwili, kwa uangalifu, akaifuta kwa koti lake. Akaiweka sakafuni. Akaikanyaga.

Kra!

"Aka!" Bwana Muhuri alishika kichwa.

"Andika barua," Daktari alisema. "Ya kwangu itakuwa ya kwanza."

Shangazi alitaka kumkumbatia. Hakupata muda. Nje magurudumu yalilia, kigari kikasimama mlangoni, na dereva akashuka. Ni dereva yule yule wa siku zote, anayesoma namba za makontena kutoka ng'ambo ya uwanja bila kukunja uso, na watu humsifia macho yake.

Bwana Muhuri alimpa karatasi.

"Wewe macho yako mazima," alisema, akimsogezea simu mdomoni. "Hapo palipoandikwa mpokeaji. Soma kwa sauti, ndugu yetu asikie."

Sasa tazama alipo huyu mama. Akifungua mlango, kigari kiko tayari na Karani anachukuliwa. Asipofungua, binti wa watu anajulikana aliko. Sikioni, Mwalimu analia: "Mwanangu, anasoma? Niambie, anasoma?"

Kitu kilimgusa Shangazi mguuni.

Karani alikuwa ametoka kizimbani mwenyewe, hakuna aliyemwita. Alisimama ubavuni mwake mbele ya mlango, miguu ikitetemeka, manyoya ya mgongo yamesimama. Midomo yake ya kizee ilianza kupanda, na meno yakaonekana. Yalikuwa machache, lakini yalikuwa yanatosha. Kizimbani pameandikwa kwamba haumi. Mwalimu aliandika vile apate kupandishwa ndege.

Nje, dereva aliisogeza karatasi kwenye mwanga, akakohoa, akataja nchi.

"Mji?" sauti tamu iliuliza.

Dereva alishusha kidole mstari wa pili.

Shangazi akavuta komeo, wakatoka wote wawili, yeye na Karani.